Kifaransa cha masomo, Kiswahili cha kila siku, lugha ya nkambo: maswali ya familia za Lubumbashi

Majibu haya ni kwa wazazi, nkambo (babu na bibi) na walezi wanaolea watoto katikati ya lugha tatu au nne. Kifaransa kinatawala darasani na ofisini, Kiswahili kinatawala uani na sokoni, na lugha ya ukoo, iwe Kibemba, Kisanga, Kiluba au Chiluba cha Kasai, mara nyingi imebaki kwa wakubwa peke yao. Msimamo wetu tunautoa tangu sasa: lugha mpya haimnyang'anyi mtoto kwa wazee wake. Kinachomtenga nao ni lugha ya zamani kukosa kazi ndani ya nyumba, na aibu inayotupwa juu yake.

Mtoto akizoea Kifaransa, hatatuona sisi ni watu wa nyuma?

Inategemea Kifaransa kimeingiaje. Mwanasaikolojia Wallace Lambert wa Montreal alitenganisha hali mbili katika miaka ya 1970: lugha inayoongezwa juu ya nyingine, na lugha inayoingia kwa kuifukuza ile ya kwanza. Hali ya pili ndiyo ya kuogopwa, na mara nyingi huanzishwa na wakubwa wenyewe bila kukusudia: "Usiseme kama mtu wa kijijini." "Sema Français, wageni wamefika." Mtoto akiyasikia hayo kila juma, anaelewa kwamba wageni wana heshima na nkambo hana.

Angalieni dalili tatu. Mtoto anaona haya mama akizungumza mbele ya wenzake. Anamkatiza nkambo kabla hajamaliza sentensi. Anamsahihisha baba Kifaransa chake mbele ya watu. Ya tatu msiichekelee, hata kama inaonyesha amesoma vizuri. Mjibuni palepale, bila ukali: "Mbele ya watu hatumsahihishi mkubwa. Ukitaka kunifundisha, nifundishe jioni." Kisha jioni kaeni naye kweli, awafundishe. Hapo mtoto anajua kwamba elimu yake inatakiwa nyumbani, na kwamba ina mahali pake.

Lugha tatu hazimchanganyi kichwa? Hazimcheleweshi kusema?

Hapana. Hofu hiyo ilitoka katika vipimo vya zamani. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha matokeo ya watoto wa Wales yaliyoonyesha wenye lugha mbili wakiwa chini, lakini hakuzipima vizuri tofauti za maisha kati ya makundi. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Lambert walilinganisha watoto wa miaka 10 wa Montreal wenye hali ya maisha inayofanana, na waliojua Kifaransa na Kiingereza walifanya vizuri kuliko wenzao wa lugha moja.

Mnapomhesabia mtoto maneno, hesabuni ya lugha zote pamoja. Maneno 20 ya Kiswahili, 20 ya Kibemba na 10 ya Kifaransa ni maneno 50, na hayo yanatosha kwa mtoto wa miezi 24, ikiwa pia ameanza kuunganisha mawili mawili. Akiwa na miezi 24 na jumla iko chini sana ya hapo, au haunganishi kabisa, msizilaumu lugha: mpelekeni apimwe masikio kwanza, hasa kama yamewahi kutoka usaha mara kwa mara. Ushauri wa "acheni lugha moja ili apone" hauponyi sikio, na unaweza kumwondolea mtoto mtu wa kuongea naye.

Mtoto anayeanza materneli (shule ya chekechea) kwa lugha asiyoijua anaweza kunyamaza darasani kwa majuma au hata miezi kadhaa. Kama nyumbani anasema na kucheza kama kawaida, anasikiliza na kukusanya. Kama amenyamaza kote kuwili, mtafutieni msaada.

Sisi wazazi tumekulia Kiswahili. Lugha ya kabila ina kazi gani tena?

Swali hili ni la Lubumbashi hasa. Mji ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na kampuni ya migodi Union Minière ikakusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai na Ruanda-Urundi. Karibu wote hao Kiswahili walikijifunza kazini na kambini. Hawakukitoa kwa mama zao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kutaka wafanyakazi wakae na wake zao, watoto wakazaliwa kambini, na lugha ya pili ya baba ikawa lugha ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo anayedai kwamba Kiswahili si "chetu" anaikosea historia ya mji wake. Na anayedhani lugha ya nkambo hufa yenyewe naye anakosea: koo nyingi za mji huu zimezibeba zote mbili kwa vizazi vitatu au vinne.

Kazi zake zipo, tena za kila mwaka. Mahari: wasemaji wa pande mbili hupanda na kushuka kwa lugha ya ukoo, na kijana asiyeisikia hukaa kwenye harusi yake kama mgeni. Kilio: nyimbo, sifa za marehemu na maagizo ya wazee. Mapacha wakizaliwa, nyimbo zao. Halafu kuna kazi ya mkate. Kibemba ni mojawapo ya lugha 7 za mikoa zinazotambuliwa rasmi Zambia, na Kikaonde vilevile. Anayefanya biashara Kasumbalesa mpakani, au anayefuata mizigo Ndola na Kitwe, akijua Kibemba anaelewana na watu ambao Kifaransa hakiwafikii.

Tuanzeje nyumbani?

Anzeni na hesabu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Miami walifuatilia watoto wadogo wa Kihispania na Kiingereza, wakaona kwamba lugha inayomfikia mtoto chini ya takriban sehemu moja kwa tano ya muda wake, mtoto huyo haipendi kuisema. Mtoto aliye macho masaa 13 kwa siku ana masaa 91 kwa juma. Sehemu moja kwa tano ni kama masaa 18, yaani masaa mawili na nusu kila siku. Salamu za asubuhi na wimbo mmoja wa Jumapili havifiki hapo, na ndiyo sababu familia nyingi husema "tulijaribu, ikashindikana".

Masaa hayo yatafutieni mtu, mahali na saa, kwa sababu lugha isiyo na mwenyewe humezwa na Kiswahili kabla ya juma kuisha. Mtu: nkambo, au mama mkubwa, au mzazi mmoja anayeisema bila kubabaika. Mahali: jikoni ndipo panapofaa kuliko sebuleni penye televisheni. Kusonga bukari, kutwanga sombe, kuchambua mchele, kufua, ni kazi zenye vitenzi vingi vinavyorudiwa kila siku, na mikono ya mkubwa inaonyesha maana bila tafsiri. Saa: kuanzia mtoto anaporudi masomo hadi chakula cha jioni kimekwisha. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa ongezeni masaa mawili mawili.

Yanayoharibu mpango tunayaona yakijirudia. La kwanza: mwenye lugha anasafiri na hakuna wa kumshika mkono. Muwe na mtu wa pili, hata wa kwenye simu, dakika 20 mara tatu kwa juma, akiwa na jambo la kuuliza mtoto: umekula nini, nani amegombana na nani, mvua imenyesha? "Msalimie nkambo" peke yake huisha kwa sekunde kumi na tano. La pili: mkubwa anasema lugha ya ukoo wakati wa kukaripia tu. Mtoto ataikimbia, na ana haki. Mgawieni mkubwa huyo pia hadithi, utani na zawadi. La tatu: mzaliwa wa kwanza anaijua, wadogo hawaijui, kwa sababu watoto wenyewe kwa wenyewe husema Kiswahili. Hapa muombeni yaya, yaani huyo mzaliwa wa kwanza, awe mwalimu wa mdogo wake kwa kazi moja tu, kwa mfano kumwogesha. Kazi moja anaishika. "Msemeshe kila wakati" hawezi.

Kibemba na Chiluba ni lugha za toni, Kiswahili si cha toni. Mtoto aliyezoea Kiswahili peke yake hasikii upesi kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana. Msimsahihishe kwa maelezo. Mrudishieni sentensi nzima kwa sauti sahihi, polepole kidogo, kisha endeleeni na mazungumzo.

Anasikia yote, lakini anajibu kwa Kiswahili. Tumeshindwa?

Bado. Anayesikia ana nusu ya lugha, na nusu hiyo ndiyo ngumu kuijenga. Hata hivyo hali hii isiachwe ikakomaa. Uchunguzi mkubwa wa familia karibu 1,900 za Flanders, Ubelgiji, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kwa wanne hakuisema kabisa ile lugha ya nyumbani isiyo ya shule, ingawa mzazi aliisema. Waliofaulu zaidi ni wale ambao wazazi wote wawili waliitumia lugha hiyo.

Msihame kumfuata. Akijibu kwa Kiswahili, mkubwa anaendelea kwa lugha ya ukoo. Baada ya majuma mawili, anaanza kumwomba jibu kidogo kidogo. Kwanza, swali la kuchagua: badala ya "unataka nini?", "unataka maji au chai?", maana jibu liko tayari ndani ya swali. Kisha "sijakusikia, sema tena", kwa uso mwema. Kisha kurudisha maneno yake kwa lugha inayotakiwa na kungoja kimya, hesabu tano moyoni. Kungoja huko wengi hawakuwezi, wanamjibia. Msimtishie chakula wala msimfanye aonyeshe lugha mbele ya wageni kama mchezo.

Dawa yenye nguvu ni likizo kubwa ya Julai na Agosti mahali ambapo lugha hiyo ni ya watoto pia: Kasenga kwa Kibemba, Bukama au Malemba-Nkulu kwa Kiluba, Bunkeya kwa Kisanga. Majuma manne ndiyo kiasi cha chini, kwa kuwa juma la kwanza huliwa na ugeni. Mkipeleka ndugu wawili pamoja watasema Kiswahili wao kwa wao; kama usalama na nauli vinaruhusu, mmoja alale kwa baba mdogo na mwingine kwa shangazi, kwenye nyumba zenye watoto wa umri wao.

Jamaa wanamcheka akikosea.

Wakatazeni, na mkataze mbele ya mtoto. Hakuna kitu kinachoua lugha ya ukoo haraka kama kicheko cha baba mdogo siku ya kilio. Kijana wa miaka 14 akichekwa mara moja mbele ya binamu zake, anaweza kunyamaza hadi anapooa.

Upande wa pili, mpeni silaha mapema: adabu kabla ya msamiati. Kwa Kibemba, mkubwa husalimiwa kwa wingi, *Muli shani*, si *Uli shani*. Mtoto aliyejifunza barabarani na wenzake husema la pili kwa nkambo wake na kuonekana hana malezi, ingawa kosa ni la lugha tu. Salamu, kushukuru, kuomba njia, kuitikia unapoitwa: hayo yakiwa safi, wazee husamehe vitenzi vyote vilivyobaki.

Tuseme naye Kifaransa nyumbani ili afaulu masomo?

Kama Kifaransa ni lugha mnayocheka nayo na kuomboleza nayo, semeni. Kama ni cha kuazima, hapana. Mzazi mwenye Kifaransa chembamba humpa mtoto amri fupi: njoo, kaa, acha, kula. Hakuna "kwa nini", hakuna "ingekuwaje kama". Mtoto huyo anapoteza mazungumzo marefu ya Kiswahili, nayo ndiyo yanayomjenga akili ya kusoma.

Mjue pia muda unaotakiwa. Jim Cummins alionyesha mwaka 1981, kwa watoto wahamiaji wa Toronto, kwamba lugha ya kuzungumza hushikwa kwa kama miaka miwili, lakini lugha ya darasani huchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao. Basi mtoto anayepiga Kifaransa kizuri uani na kuanguka hesabu za maneno darasani si mvivu. Yuko katikati ya safari. Mwambieni aeleze swali la hesabu kwa Kiswahili kwanza. Akilielewa, arudi kwenye Kifaransa. Na kila jioni asome kwa sauti kurasa mbili za Kifaransa, hata kama anayemsikiliza hajui kusoma. Nkambo akae akisikilize, kisha aombe aelezwe kwa Kiswahili kilichosomwa. Mazoezi haya ni bora kuliko kumkataza mama lugha yake.

Shule inawaadhibu watoto wakisema Kiswahili.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inasema lugha za taifa au za mahali zitumike kufundishia, na zifundishwe zenyewe kama somo. Shule inaweza kutaka Kifaransa wakati wa somo la Kifaransa. Kumvika mtoto alama shingoni au kumpiga kwa neno la mama yake ni jambo jingine.

Msianze na ugomvi. Andikeni kwenye kaye (daftari) ya mawasiliano mkiomba kuonana na mwalimu. Kama hakuna jibu kwa juma moja, mwoneni mkurugenzi. Kisha pelekeni hoja kwenye kamati ya wazazi mkiwa familia tatu au nne. Ombeni kitu kimoja kinachoweza kutekelezwa: adhabu ikome, na mahali pake mwalimu ampe mtoto sentensi ya Kifaransa aliyoikosa.

Tunachanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja. Ni kosa?

Si kosa wala si dalili ya kutojua. Wanaochanganya kwa ufasaha ni wale wanaozijua zote mbili. Tatizo hutokea tu kama mtoto hajawahi kusikia lugha yoyote ikienda moja kwa moja kwa muda mrefu. Hadithi ya dakika 15 kila usiku, kwa lugha moja mwanzo hadi mwisho, inatosha.

Baba ni Muluba wa Kasai, mama ni Mubemba. Mtoto achukue ipi?

Zote mbili, kila mzazi yake, na Kiswahili katikati. Kinachokwamisha kwa kawaida ni mzazi asiyeelewa lugha ya mwenzake, anayedhani anasengenywa mezani. Kubalianeni mapema: palipo na wote, Kiswahili, anapobaki mmoja na mtoto, lugha yake. Mzazi mwingine ajifunze angalau kusikia, kwa kuuliza maneno matano kwa juma.

Msiifanye lugha ya mtoto kuwa kura ya ukoo gani umeshinda. Mtoto akiulizwa "wewe ni wa wapi?", mfundisheni jibu refu linalowataja wote: nkambo wa baba anatoka wapi, wa mama anatoka wapi, yeye amezaliwa komini gani. Mtoto mwenye jibu hilo hatikisiki akiambiwa si wa hapa.

Nimeolewa ukweni wanakosema lugha nisiyoijua. Nijifunze kwa muda gani?

Majuma 12 ya dakika 20 kwa siku yatakutoa kwenye ukimya, hayatakufanya mzungumzaji. Majuma mawili ya kwanza yashike kwa salamu, majina ya heshima ya kila mtu wa nyumba ile na sentensi 20 za kuitikia. Majuma manne yanayofuata, vitenzi vya jikoni na vya safari. Yaliyobaki ni ya kufuata mazungumzo: rekodi dakika tatu za mama mkwe akieleza jambo, kwa ruhusa yake, sikiliza mara tano, kisha muulize ulichokosa. Mwalimu asiwe mume. Atachoka siku ya nne na kurudi Kiswahili. Wifi au mama mkwe anafaa zaidi, na kule kuombwa kufundisha kunampa nafasi ya kukupenda.

Kama ni Kibemba, jihadhari na wakati uliopita. Kitenzi hutofautisha jambo la leo, la jana na la zamani, wakati Kiswahili kinatosheka na *-li-*. Ukikosea, utasema mgonjwa amepelekwa hospitali leo kumbe ni mwezi uliopita, na nyumba itashtuka.

Mtu hubadilika akisema lugha nyingine?

Moyo ni uleule, lakini maneno ya lugha ya pili huwa mepesi kifuani. Boaz Keysar na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wanaoamua kwa lugha ya kigeni hawasukumwi sana na hofu ya kupoteza. Kwa familia maana yake ni hii: hesabu za fedha na mipango mnaweza kuifanya kwa Kifaransa, lakini msamaha, pole na habari ya kifo zisemwe kwa lugha ambayo mwenye kupewa aliililia utotoni. Na ugomvi wa ndoa unaoendeshwa kwa Kifaransa na mmoja aliyesoma zaidi si ugomvi wa haki.

Mtoto wetu ndiye anayewatafsiria nkambo hospitalini na ofisini. Ni sawa?

Kusoma tangazo, kujaza fomu fupi, kuuliza bei: sawa, na humpa mtoto fahari. Ugonjwa wa mzazi, deni, kesi, talaka: hapana, hata kama hakuna mwingine anayejua Kifaransa vizuri. Mtoto anaachiwa siri isiyo ya umri wake, na mara nyingi hupunguza habari mbaya ili asimuumize mgonjwa. Dawa ikitumiwa vibaya kwa sababu hiyo, atabeba hatia bure. Mwombeni daktari au muuguzi aseme Kiswahili. Lubumbashi wengi wanakijua, huanza kwa Kifaransa kwa mazoea ya kazi. Akiandika ordonansi (karatasi ya dawa), mrudieni maelezo yake kwa Kiswahili: vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi, kabla au baada ya chakula.

Lugha iliyosahauliwa inaweza kurudi?

Kwa sehemu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliwapima watu wazima 8 waliozaliwa Korea na kulelewa Ufaransa tangu walipochukuliwa wakiwa na miaka 3 hadi 8. Hawakuweza kuzitambua sentensi za Kikorea, na ubongo wao haukuonyesha tofauti na wa Wafaransa wengine. Basi hata mtoto wa miaka 7 anaweza kupoteza lugha yake kabisa asipoisikia. Lakini mwaka 2014, Montreal, wasichana waliotolewa China wakiwa wadogo sana na kulelewa kwa Kifaransa peke yake walisikilizishwa toni za Kichina, na ubongo wao uliitika kama wa wanaokisema Kichina, ingawa hawakukielewa tena.

Mtu mzima aliyesikia Kiluba hadi miaka minne, kisha kikakatika, aanze na sikio: nusu saa kila siku ya kusikiliza watu wa nyumbani kwao, kwa majuma sita, kabla ya kujilazimisha kusema. Nyimbo za kubembelezea na michezo ya kuhesabu vidole ziwe za kwanza. Kama nkambo anayezijua yupo, mrekodini mwezi huu. Simu ya kawaida inatosha, ikiwekwa sentimeta 30 kutoka kinywani, redio ikiwa imezimwa na mlango umefungwa. Mwanzoni kabisa atajwe jina lake, kijiji chake, lugha na tarehe. Kila wimbo uwe faili lake. Na nakala moja ikae kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.